Leseni ya kazi za afya Jimbo la Washington: kuipata, kuitunza, na kujibu barua ya malalamiko

Maswali ni yale yale kila mara. Leseni yangu ya Kenya inatumika hapa? Meneja amesema nianze kazi huku maombi yakishughulikiwa, ni sawa? Nimeletewa barua na Idara ya Afya, nimpigie nani? Badala ya kuyajibu moja moja kwenye simu, nimeyapanga hapa kwa hatua, kuanzia siku ya kutuma maombi hadi siku (Mungu aepushe) unapotakiwa kujitetea.

Mwongozo huu unahusu Jimbo la Washington, yaani Seattle, Kent, Tacoma, Spokane na kwingineko, jimbo lililo magharibi mwa Marekani. Hauhusu jiji la Washington D.C. Kama uko Texas au Minnesota, mwendo wa jumla utafanana, ila majina ya ofisi na siku za kujibu si hizi, kwa hiyo usinakili tarehe zangu. Mimi pia si wakili. Panapohitaji wakili nitakuambia.

Kuna nadharia moja tu unayohitaji. Marekani haina leseni ya afya ya nchi nzima. Nyumbani ukisajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya au lile la Uuguzi na Ukunga la Tanzania, unafanya kazi kaunti au mkoa wowote. Hapa kila jimbo lina sheria zake, na Mahakama Kuu ya Marekani iliyapa majimbo haki hiyo tangu 1889, katika kesi ya daktari wa West Virginia aliyekataa kutakiwa cheti. Jimbo ndilo linalokupa leseni, na jimbo hilo hilo ndilo linaloweza kukunyang'anya. Washington hufanya hivyo kwa sheria moja inayobana fani zote za afya, Sheria ya Nidhamu ya 1984, ambayo utaiona kwenye barua ikitajwa kwa namba: RCW 18.130. Ikariri namba hiyo. Barua yenye namba hiyo haiwekwi juu ya friji ikangoja wikendi.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

– Pasipoti au kitambulisho kingine, na jina lako liandikwe namna moja kwenye kila karatasi. Hili nitalirudia.
– Namba ya hifadhi ya jamii kama unayo. Kama huna, usikate tamaa. Waulize Idara nini kinakubalika badala yake. Sheria ya jimbo ya 2024 inaruhusu leseni za kitaaluma kutolewa bila kujali hali ya uhamiaji. Kibali cha kufanya kazi nchini ni suala jingine la serikali kuu, na leseni haikupi.
– Anwani ya posta ya kuaminika. Usiweke ya binamu anayehama kila mwaka, wala ya mwajiri.
– Barua pepe yako mwenyewe, unayoifungua kila siku.
– Orodha ya kila shule uliyosomea, kila leseni uliyowahi kushika nchi yoyote, na kila kesi uliyowahi kuwa nayo mahakamani, hata iliyofutwa.
– Kadi ya benki ya kulipia ada. Ada hubadilika, kwa hiyo soma kiasi kwenye tovuti ya Idara siku unayotuma, wala usitegemee aliyolipa jirani. Kwa kawaida ada ya maombi hairudishwi.

SEHEMU YA KWANZA: KUIPATA

1. Jua ofisi inayokuhusu.

Hapa ndipo wengi wanapotea mapema. Idara ya Afya ya jimbo ndiyo yenye jengo na tovuti, lakini si kila uamuzi ni wake. Wauguzi wote, pamoja na wasaidizi wa wauguzi, wako chini ya Bodi ya Uuguzi ya jimbo, ambayo hadi 2023 ilikuwa ikiitwa Kamisheni. Ina wajumbe 15 walioteuliwa na gavana, na watatu kati yao ni raia wa kawaida wasio wauguzi. Madaktari wana Kamisheni ya Tiba. Wafamasia na madaktari wa meno wana kamisheni zao. Fani zisizo na bodi yake, mfano wahudumu wa majumbani waliothibitishwa, ziko moja kwa moja chini ya Katibu wa Idara ya Afya.

Halafu kuna DSHS, Idara ya Huduma za Jamii na Afya. Hiyo ni idara tofauti kabisa. Ndiyo inayotoa leseni za nyumba za kulea wazee, zile tunazoziita AFH, ambazo ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanazimiliki au wanafanya kazi humo. Kwa hiyo nyumba inasimamiwa na DSHS, na wewe unayemhudumia mzee ndani yake unasimamiwa na Idara ya Afya. Jambo moja likitokea, zinaweza kuja barua mbili kutoka idara mbili, na kujibu moja si kujibu nyingine.

2. Chagua karatasi inayolingana na kazi.

Mhudumu wa majumbani (HCA): mafunzo ya saa 75, mtihani, na kwa kanuni ya kawaida uwe umeshathibitishwa ndani ya siku 200 tangu uajiriwe. Anayejifunza Kiingereza anaweza kuomba cheti cha muda kinachomwongezea siku 60. Watu hawalijui hili, wanapoteza kazi bure.

Msaidizi wa muuguzi aliyesajiliwa (NAR): ni usajili tu, hauna mtihani. Ukitaka kubaki kwenye nyumba kubwa ya wagonjwa (nursing home), sheria ya serikali kuu inampa mwajiri miezi minne tu kabla hujamaliza mafunzo na kufaulu mtihani.

Msaidizi wa muuguzi aliyethibitishwa (NAC): mafunzo yaliyoidhinishwa na Bodi, kisha mtihani wa maarifa na wa vitendo. Majimbo mengine hukiita CNA. Ni kazi ile ile, lakini cheti cha CNA cha Ohio hakigeuki kuwa NAC ya Washington chenyewe, lazima uombe.

Muuguzi (LPN, wa ngazi ya chini, au RN, muuguzi kamili aliyesajiliwa): shule iliyotambuliwa na mtihani wa leseni wa NCLEX.

Daktari aliyesomea nje ana njia ndefu zaidi, ya mitihani ya USMLE na mafunzo ya hospitalini. Tangu 2021 Washington ina leseni ya muda ya uzoefu wa kitabibu kwa madaktari waliosomea nje ili wajiandae kuomba nafasi hizo za mafunzo. Ni mlango mwembamba lakini upo, na inashangaza ni wangapi wanaendesha teksi bila kuusikia.

3. Agiza nyaraka za nyumbani mapema kuliko unavyodhani.

Muuguzi aliyesomea nje atahitaji ripoti ya tathmini ya masomo kutoka shirika linalokubaliwa na Bodi. Linalojulikana zaidi ni CGFNS, ambalo siku hizi linajiita TruMerit. Shirika hilo litataka matokeo ya masomo kutoka chuoni kwako na uthibitisho wa usajili kutoka baraza la nchi yako.

Onyo: nyaraka hizo lazima zitoke chuoni na kwenye baraza ZENYEWE, ziende kwenye shirika moja kwa moja. Bahasha nzuri uliyokuja nayo kutoka Nairobi au Dodoma, hata ikiwa na muhuri wa wakili, haitapokelewa kama uthibitisho. Ibaki nayo kama kumbukumbu, kisha umtafute mtu wa kufuatilia pale masijala ya chuo kwa miguu yake. Barua pepe peke yake husahaulika. Na kama ulisomea Bujumbura au Lubumbashi na vyeti viko kwa Kifaransa, panga tafsiri iliyoidhinishwa tangu sasa.

Onyo la pili: VisaScreen ni kitu kingine. Hiyo ni ya uhamiaji. Wapo wanaolipia VisaScreen wakidhani wamelipia tathmini ya leseni, kisha wanashangaa Bodi inauliza karatasi nyingine. Zote zinatoka shirika moja, ndiyo maana watu wanachanganya.

Kuhusu Kiingereza, soma ukurasa wa Bodi unaohusu wauguzi waliosomea nje kabla hujalipia TOEFL au IELTS. Kuna zaidi ya njia moja ya kuthibitisha Kiingereza, na huenda yako tayari unayo.

4. Jaza maombi, na ujibu maswali binafsi kwa ukweli wote.

Maombi yana maswali kuhusu afya inayoweza kuathiri kazi yako, matumizi ya dawa za kulevya, hukumu za jinai, na kama leseni yako popote duniani iliwahi kuguswa. Faini ndogo za barabarani haziingii. Kuendesha gari umelewa kunaingia.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kujibu "hapana" kwa sababu wakili wa zamani alimwambia kesi imeisha. Jimbo litachunguza, na litaikuta. Kesi ya zamani yenye maelezo mazuri mara nyingi hupita. Uongo kwenye fomu wenyewe ni kosa la kinidhamu chini ya ile RCW 18.130, kwa hiyo mtu anajitia kwenye kesi mpya akikimbia ya zamani. Andika "ndiyo", ambatanisha karatasi za mahakama, na eleza kwa aya chache nini kilitokea na nini kimebadilika.

5. Toa alama za vidole ukiambiwa.

Jimbo hukagua kumbukumbu za polisi za hapa, na waombaji wengine hutakiwa ukaguzi wa FBI kwa alama za vidole, hasa walioishi majimbo mengine na wanaotaka leseni ya majimbo mengi. Fuata maelekezo watakayokutumia neno kwa neno. Alama ulizotoa kwa ajili ya kazi ya awali au uhamiaji hazihamishwi.

6. Fanya mtihani.

NCLEX-RN ya sasa, tangu Aprili 2023, ina maswali kati ya 85 na 150 kwa muda usiozidi saa tano. Ikikataa, lazima ungoje siku 45 kabla ya kurudia. Kitu kinachowarudisha watu mlangoni ni jina. Ukijiandikisha kama "Amina Juma Hassan" na kitambulisho kisome "Amina J. Hassan", unaweza kukataliwa kuingia na ada ikaenda.

7. Usiguse mgonjwa kabla leseni haijaonekana kwenye mfumo.

Kuna kurasa ya Idara inayoitwa Provider Credential Search. Andika jina lako. Kama hali haisomeki "Active", huna leseni, hata kama umefaulu mtihani, hata kama meneja amekuambia "we anza tu" (mhudumu wa majumbani aliye ndani ya zile siku 200 za hatua ya 2 ana kanuni yake). Kufanya kazi bila leseni kunaweza kukuletea faini ya hadi dola 1,000 kwa siku kutoka kwa Idara, na ni kosa la jinai pia. Meneja atasema hakujua. Tengeneza picha ya ukurasa huo siku ya kwanza ya kazi, uihifadhi.

SEHEMU YA PILI: KUITUNZA

8. Sasisha kabla ya siku yako ya kuzaliwa.

Leseni nyingi za fani hizi huisha siku ya kuzaliwa. Muuguzi husasisha kila mwaka, na kila mwaka anatakiwa awe amefanya kazi saa 96 na amesoma saa 8 za elimu endelevu. Mhudumu wa majumbani anatakiwa saa 12 za elimu kwa mwaka. Hifadhi vyeti vyako. Hawaviombi wakati wa kusasisha, wanaviomba ukipigwa ukaguzi wa kushtukiza. Na ukihama nyumba, badilisha anwani kwenye mfumo wiki hiyo hiyo. Kuwaambia posta hakutoshi. Idara ikituma barua kwenye anwani uliyowapa, kwao umepata.

9. Kama unataka kufanya kazi majimbo mengine, elewa mkataba.

Washington ilijiunga na mkataba wa leseni za wauguzi wa majimbo mengi mwaka 2023. Kama makazi yako ya kisheria ni hapa na unatimiza masharti, unaweza kuomba leseni moja inayotambuliwa kwenye majimbo yote ya mkataba. Lakini ukifanya kazi Idaho unafuata sheria za Idaho, na ukikosea Idaho, Washington itajua.

10. Jifunze vitu vinavyowaangusha watu wetu.

Sheria ina orodha ndefu ya mienendo isiyokubalika. Sitaitafsiri yote. Uzembe unaomdhuru mgonjwa, kutoa siri zake, dawa kupotea mikononi mwako, uhusiano wa kimapenzi na mgonjwa: hayo kila mtu anayajua. Ninataka kukaa kwenye yale ambayo malezi yetu hayatuonyi.

La kwanza ni zawadi. Mzee anakuita mwanangu, umemwogesha miezi mingi, watoto wake hawaji, na leo anakuandikia hundi ya karo ya mtoto wako. Nyumbani kukataa ni kumtukana. Hapa kupokea kunaweza kusomeka kama unyonyaji wa mtu asiyejiweza, na kukopa pesa kwa mgonjwa kunatajwa wazi kwenye kanuni za wauguzi. Hata kama alikupa kwa moyo mweupe, binti yake akirudi kutoka California na kuiona hundi, wewe ndiye utakayeeleza. Sema: "Asante baba, kazini hawaniruhusu," kisha uandike kwenye kumbukumbu kwamba alitaka kukupa na ulikataa. Kuandika huko ndiko kutakakokulinda.

La pili ni chati. Kuandika saa nne kwamba umemgeuza mgonjwa saa sita, kwa sababu unajua utamgeuza, ni kughushi. Ukisinzia na hukumgeuza, sasa una makosa mawili. Wanaofanya zamu mbili mfululizo ndio wanaonaswa hapa.

La tatu ni simu. Picha ya kukata keki na bibi wa miaka tisini, ukaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ni siri ya mgonjwa imetoka. Hakuna anayejali kwamba shangazi wa Mombasa hamjui bibi huyo.

La nne ni kunyamaza. Ukishuku mzee anapigwa, anaibiwa au anatelekezwa, sheria inakutaka wewe mwenyewe utoe taarifa. Kumwambia mwenye nyumba hakutoshi, hasa kama mwenye nyumba ndiye mjomba wako.

SEHEMU YA TATU: BARUA IMEKUJA

11. Elewa uko hatua gani.

Mtu yeyote anaweza kulalamika: mgonjwa, mtoto wake, mfanyakazi mwenzako. Waajiri na wenye leseni wengine hulazimika kutoa taarifa kwa mambo fulani. Lalamiko likifika hupimwa kwanza, na kanuni zinaipa hatua hiyo siku 21 kwa kawaida. Mengi huishia hapo na huenda usijue kabisa yalikuwepo. Likionekana lina uzito, huenda kwa mpelelezi, siku 170. Kisha faili linapimwa na Bodi au mawakili wa Idara, siku 140. Siku hizo zinaweza kuongezwa. Kwa hiyo ukisikia kimya mwaka mzima, usidhani wamesahau.

12. Ukiambiwa unachunguzwa, fanya haya kwa mpangilio huu.

Kwanza, weka tarehe ya barua na tarehe uliyoipokea kwenye kalenda. Pili, usimpigie simu anayedhaniwa kulalamika, wala familia ya mgonjwa, hata kuomba radhi. Utaonekana unatisha shahidi. Tatu, usifungue chati kuongeza hata nukta, maana mfumo unarekodi kila aliyegusa na saa aliyogusa. Nne, kama una bima ya makosa ya kikazi, soma kama inalipia utetezi wa leseni. Bima nyingi za wauguzi hulipia na watu hawajui wameshanunua. Tano, ongea na wakili anayeshughulika na leseni. Wakili wa uhamiaji aliyekutengenezea makaratasi hatoshi. Sita, jibu.

Hilo la sita ndilo kubwa kuliko yote. Mpelelezi akiomba nyaraka ulizo nazo, sheria inakupa siku 21, na ukichelewa faini inaweza kufika dola 100 kwa siku. Kutoshirikiana ni kosa lenyewe. Unaweza kujibu kupitia wakili na unaweza kuomba muda zaidi kwa maandishi. Huwezi kukaa kimya ukitegemea litapoa. Nyumbani jambo la ofisi lisilofuatiliwa hufa lenyewe; hapa halifi.

13. Soma kichwa cha waraka.

Ikiandikwa Stipulation to Informal Disposition, ni pendekezo la makubaliano yasiyo rasmi. Hukiri kosa, lakini unakubali masharti, labda mafunzo, usimamizi, na kurudisha gharama zisizozidi dola 1,000 kwa kila tuhuma. Watu husaini haraka wakisikia "si rasmi". Ngoja. Makubaliano hayo huonekana na umma na hupelekwa kwenye hifadhi ya taifa ya taarifa za wahudumu wa afya, NPDB, ambayo hospitali huisoma kabla ya kuajiri. Inaweza bado kuwa njia bora kwako, ila isaini ukijua.

Ikiandikwa Statement of Charges, hayo ni mashtaka rasmi. Una siku 20 kuomba kusikilizwa. Usipojibu, wanaweza kutoa uamuzi bila wewe, kwa maelezo ya upande mmoja. Nikitakiwa kuweka alama nyekundu sehemu moja tu ya mwongozo huu, ni hizi siku 20. Kuomba kusikilizwa si kupigana. Kesi nyingi huishia kwa makubaliano. Ni kushika nafasi yako mezani.

Ikiandikwa kuhusu Summary Suspension, leseni imesimamishwa leo, kabla ya kusikilizwa, kwa sababu wanaona hatari ya haraka. Acha kazi siku hiyo hiyo. Unaweza kuomba kikao cha haraka kupinga usimamishwaji huo, na ukikiomba kifanyike ndani ya siku 14. Hapa usiende bila wakili.

14. Jua adhabu na mkia wake.

Adhabu huanzia karipio, mafunzo ya lazima, faini ya hadi dola 5,000 kwa kila kosa, majaribio chini ya usimamizi, kuwekewa mipaka ya kazi, kusimamishwa, hadi kufutwa. Kufutwa kwa kudumu kupo, kwa yule wanayeona hawezi tena kufanya kazi kwa usalama. Uamuzi huwekwa mtandaoni chini ya jina lako. Majimbo mengine yanaweza kukuadhibu kwa uamuzi huo huo wa Washington, na serikali kuu inaweza kukuzuia kufanya kazi yoyote inayolipwa na Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali), hata ya jikoni hospitalini.

15. Kama hukubaliani, kata rufaa kwa wakati.

Baada ya uamuzi wa mwisho una siku 10 kuomba ufikiriwe upya, na siku 30 kupeleka shauri Superior Court, yaani mahakama ya jimbo. Mahakama itasoma faili lililokuwepo, haitaanza kesi upya, kwa hiyo shahidi ambaye hukumleta kwenye kikao huwezi kumtegemea huku.

MAMBO YAKIKWAMA

Maombi yamekaa miezi, hakuna jibu. Karibu kila mara kuna karatasi moja haijafika. Ingia kwenye akaunti yako uone kilichopungua kabla ya kupiga simu, na ukipiga uwe na namba ya maombi. Kama ni chuo hakijatuma, simu ya hapa haitasaidia.

Majina hayalingani. Cheti kina majina matatu, pasipoti mawili, na umeolewa hapa. Tuma cheti cha ndoa au hati ya kubadili jina mwanzoni kabisa, na uchague jina moja la kutumia kote kuanzia sasa.

Leseni imeisha jana na leo una zamu. Usiende. Piga simu kazini, sasisha mtandaoni, lipa ada ya kuchelewa, ngoja isomeke "Active". Ikiwa imeisha kwa miaka, masharti ya kuirudisha huongezeka.

Pombe au dawa zimekushinda. Bodi ya Uuguzi ina mpango wa ufuatiliaji uitwao WHPS. Muuguzi anaweza kujipeleka mwenyewe kabla hajalalamikiwa, akatibiwa na kufuatiliwa huku akilinda leseni. Ni mpango mgumu, wenye vipimo vya mara kwa mara, na aibu yetu ya kulizungumza jambo hili ndiyo inayowafikisha watu kwenye mashtaka.

Barua imetoka DSHS, si Idara ya Afya. Hasa kama inataja Adult Protective Services, kitengo cha kulinda watu wazima wasiojiweza. Hiyo inasema wamekuona na hatia ya kumdhuru, kumtelekeza au kumnyonya mtu asiyejiweza. Una siku 30 kuomba kusikilizwa. Ukiziacha zipite, jina lako linaingia kwenye orodha inayokufungia kazi za kuhudumia wazee na walemavu, hata kama leseni yako haijaguswa na Idara ya Afya. Watu huiona, wanasema "mimi leseni yangu ni ya kule kwingine," wanaitupa.

Wewe ni mgonjwa, na unayetaka kulalamika ni wewe. Fomu iko kwenye tovuti ya Idara ya Afya na hailipiwi. Andika jina la mhudumu, mahali, tarehe, nini kilifanyika na nani aliona. Omba mkalimani wa Kiswahili kama unamhitaji, ni bure. Jina la mlalamikaji hulindwa, ingawa katika kesi nyingine mhudumu atakisia kutokana na maelezo. Ugomvi wa bili, au daktari aliyekujibu vibaya bila zaidi, kwa kawaida hawatauchukua. Na hawatakulipa fidia: hiyo ni kesi ya mahakamani, na ina muda wake wa mwisho, kwa hiyo usingoje Idara imalize uchunguzi ndipo umtafute wakili.